Toyota 86 haijaguswa, nataka kuifunga supachaja: ipi itadumu Kigoma?

Kibirizi_86:
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota 86 ya 2013, gia za mkono, kilomita 91,000, haijabadilishwa kitu zaidi ya redio. Niliiagiza Japani mwaka juzi, ushuru wake nililipa mpaka nikakonda. Mnaoijua gari hii mnaujua na ugonjwa wake: mshale wa mizunguko ya injini ukiwa kati ya 3,500 na 4,500 inaishiwa nguvu ghafla, kama kuna mtu kashikilia bampa la nyuma. Nikipandisha kwenda Mwandiga na gia ya tatu, Noah imejaa abiria na magunia inanipigia honi nipishe. Aibu.

Tabo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi, sitaki; nimeamua supachaja, pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Nimebaki na mbili. Ya kwanza ni ya konokono, yenye feni ndani ya gamba la mviringo, aina ya Rotrex, imeshatumika, inauzwa na jamaa wa Dar. Ya pili ni mpya kutoka Marekani, ya rota mbili, inakaa juu ya injini na hewa yake inapozwa kwa maji. Ile ya Dar bei yake ni kama nusu ya hii mpya, na muuzaji ananiambia "farasi 280 bila wasiwasi".

Safari zangu ni mjini, Ujiji kila siku, na Kasulu mara mbili kwa mwezi. Fundi wangu Toyota anazijua, ila supachaja hajawahi kuishika. Nichukue ipi?

MzeeWaMawese:
Uza hiyo, chukua Crown. Chenji nunua madumu ya mawese upandishe treni ya Dar. Karibu.

MwanaMiembe:
Mkuu, niko Tabora, nina Subaru BRZ, ndugu wa tumbo moja na hiyo yako, injini ileile ya FA20. Nilifunga Rotrex, nayo ilikuwa ya mkononi kama unayotaka kununua. Ngoja nikueleze ilivyonila.

Ndani ya kichwa cha Rotrex hakuna gia zenye meno. Kuna roli laini zimebanana, moja inaisukuma nyingine, na kinachofanya zishikane badala ya kuteleza ni oili yake maalumu. Oili hiyo ina tangi lake, filta yake na rejeta yake ndogo, haichangamani na ya injini. Na feni ya ndani ya konokono inaweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika wakati injini yako iko 7,000 na ushee. Kwa hiyo oili pale si ya kulainisha tu, ndiyo inayobeba kazi yote.

Sasa natoka Kaliua, klipu ya hozi ya ile oili ikalegea. Nikasimama Urambo, tangi karibu tupu. Fundi niliyemkuta, kijana mwenye nia njema kabisa, akaniambia oili ya gia boksi ya otomatiki "ni kitu kilekile". Na mimi niliyekuwa nimesoma kitabu chake chote nikanyamaza, maana jua lilikuwa linazama. Nyumbani nilifika, sikatai. Siku ya nne ikaanza kulia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, presha ikawa inashuka, na wiki iliyofuata kile kichwa kilikuwa chuma chakavu. Oili yenyewe nikaagiza nje, chupa ya lita moja, ikakaa njiani wiki sita. Ilipofika haikuwa na pa kuwekwa. Bado ipo kabatini, mke wangu anauliza kila Desemba.

Muuzaji anakupigia hesabu ya farasi. Wewe piga ya oili: kile kitu kikipungukiwa saa kumi na moja jioni uko Kasulu, utaongeza nini? Za konokono hazifanani. Ya kampuni ya HKS nayo ina oili yake peke yake. Vortech zipo zinazovuta oili ya injini kwa hozi, na zipo zenye oili yake ndani. Ya rota mbili kama ni ya Eaton, oili yake ni kidogo tu, imefungiwa kwenye pua, pale mbele penye puli, unaisahau kwa miaka.

Halafu kuna ule ugonjwa wako wa 3,500. Konokono presha yake inapanda na mzunguko, kule chini haikupi kitu cha maana. Mimi lile shimo lilibaki palepale, gari ikaja kuamka 5,500, na barabara ya kuamkia huko mjini sina. Rota mbili kila mzunguko inasukuma kiasi kilekile cha hewa, unakanyaga 2,000 na gari inakwenda. Kwa mlima wa Mwandiga hapo hakuna mjadala.

Ubaya wake ni joto. Inakaa juu ya injini na kupikika nayo, na ile pampu ndogo ya maji ya kupozea hewa ikifa hujui mpaka gari iwe nzito. Kigoma yenu ya mwezi wa kumi naijua. Funga geji ya joto la hewa inayoingia, na mkono uguse zile hozi mara kwa mara.

Na usishtuke presha ikisoma chini ya ilivyoandikwa kwenye boksi. Supachaja inazidisha hewa inayoikuta, na huku juu hewa ni nyepesi. Ziwa lenu liko kama mita 770 juu ya bahari, sisi karibu 1,200. Puli inayotoa presha ya paundi 7 pale Dar, kwako itatoa kama 6.4, kwangu 6 na kidogo. Mimi nilidhani mkanda unateleza, nikaukaza mpaka nikaua beringi ya puli ya kati. Ujinga una gharama.

Kibirizi_86:
Kaka nimecheka, halafu nikasikitika. Kwa hiyo ya rota. Sasa hiyo imetengenezwa Marekani, gari yangu usukani kulia. Itaingia? Na kutuni kompyuta ya injini, iendane na hewa ya ziada, nani atanifanyia huku?

Spana_17:
Mkuu, mimi ni fundi, niko Dar. Hayo mawili ndiyo ungeanza nayo kabla ya farasi.

Usukani: muulize muuzaji kwa maandishi kama seti imejaribiwa kwenye gari ya usukani wa kulia, kwa sababu buster ya breki na masta silinda ziko upande mwingine, na mabomba yanaweza kuzigonga. Zilizotengenezwa Japani au Australia mara nyingi hazina shida hiyo, wao wenyewe wanaendesha upande wetu. Angalia Sprintex na Harrop, zote za Australia, zote si konokono.

Kompyuta: 86 nyingi zinatuniwa kwa programu ya EcuTek. Unalipia leseni ya gari moja, ikishaingia kwenye kompyuta hiyo haihami, kwa hiyo aliyekuuzia seti iliyotumika hawezi kukupa ya kwake. Faili la Marekani usilitie moja kwa moja, kompyuta ya gari ya Japani ina programu yake. Aliye mbali anaweza kukutengenezea: unaendesha, unarekodi, unamtumia kwa barua pepe, anarekebisha, mara tano sita hivi. Dyno, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, si lazima, barabara tupu na mtu wa kushika kompyuta pembeni ni lazima.

Injini hiyo kompresheni yake ni 12.5 kwa 1 toka kiwandani. Iko juu tayari, haitaki presha nyingi wala wese bovu. Ukiona seti ya Marekani imeandikwa wese namba 91, ile ya pampu za California, ujue inapimwa kwa njia nyingine; kwa kipimo chetu cha RON ni kama 95 au 96. Chagua kituo kimoja unachokiamini, tuniwa na wese la kituo hicho, na mwambie anayetuni arudishe taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, nyuma kidogo. Ikianza kugonga, yaani wese kulipuka kabla ya wakati, konrodi zake zinazoshika pistoni si nene. Hizo 280, uliza ni za kwenye injini au kwenye magurudumu. Kwenye magurudumu mimi ningeishia 250.

Plagi daraja moja baridi zaidi. Rejeta ya oili ya injini usiiruke. Eya klina ya wazi ile ya koni, kwa vumbi la kule kwenu, itupe.

Na kabla ya yote: 2018 Toyota na Subaru waliziita zirudi zikarekebishwe hizi gari za mwanzo, za 2012 na 2013, kwa ajili ya springi za valvu zinazoweza kukatika. Angalia kwa namba ya chesisi kama yako ilifanyiwa. Kama bado, hiyo kazi inashusha injini nzima, na huwezi kufunga supachaja juu ya springi hizo.

Kibirizi_86:
Hili la springi sikuwahi kulisikia popote. Nimemtumia namba ya chesisi aliyeniagizia gari, aulize Japani. Yule wa Dar nilimuuliza leseni na chupa ya oili, ameona ujumbe tangu asubuhi, kimya.

Ya Australia bei inakaribiana na ya Marekani, nauli ndiyo inauma. Nitasubiri jibu la springi kwanza.

MwanaMiembe:
Vizuri. Ukifika kwenye kutuni, waya wangu wa kuunganisha kompyuta upo, sina kazi nao. Nitakupakilia basi la Kigoma, leseni utalipia mwenyewe. Ukishamaliza urudishe ndani ya bahasha, usiuchanganye na mzigo. Wa kwanza niliuazimisha mtu wa huko, ulirudi unanuka mgebuka.