Nina mashine ya alizeti Kibaigwa, nijiunge na TCCIA?

Mkamuzi wa Kibaigwa
Wakuu, habari za jioni. Nakamua alizeti hapa Kibaigwa. Mafuta nauza kwa madumu ya lita 20, mashudu wanachukua wafugaji. Sasa kuna mteja wa Nairobi anataka mzigo, ila ananidai cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kuthibitisha mzigo umetoka nchi gani. Hiki chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima (TCCIA) kinamsaidia mtu wa mtaji wangu, au ni cha wenye maghala?

Mama Zabibu, Hombolo
Kinasaidia, kaka. Cheti hicho kinatolewa na TCCIA. Usipokuwa nacho, mafuta yako yanatozwa ushuru kama yametoka nje ya Afrika Mashariki, na faida yote inaishia mpakani. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani una cheti chake chepesi, unakipata kwa forodha pale pale Namanga. Anza na huo mdogo, uone njia. Ila nembo ya ubora ya TBS, shirika la viwango, kwanza! Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho ya kupeleka TBS.

Fundi Kizota
Mama kamaliza upande wa vyeti. Mimi nakwambia jiunge kwa sababu ya baraza la biashara la mkoa. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na sekta binafsi, TCCIA ikiwemo, ina viti mle. Mafuta ya nje yakishushiwa ushuru, bei ya alizeti inaanguka na sisi tunaumia kimyakimya, kila mtu kwenye mashine yake. Jikusanyeni wakamuaji wa wilaya yenu ya Kongwa, mwende pamoja.

Mkamuzi wa Kibaigwa
Asanteni sana. Jumatatu naanzia SIDO.