Mjadala: Shahada ya sanaa ya gemu ina maana, au potifolio inatosha?

Mleta mada

Wadau, salaam. Suala ni hili: anayetaka kuwa msanii wa gemu akasome shahada ya miaka mitatu au minne, au ajifue mwenyewe na kujenga potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zake za kuonyesha waajiri? Upande wangu nautaja mapema. Shahada hizi, kwa jinsi nyingi zinavyofundishwa, zinamuuzia mwanafunzi kile ambacho angekipata bure, na zinampunja kile asichoweza kukipata peke yake.

Cha bure ni programu. Blender, ya kuchonga maumbo ya 3D, ni programu huria tangu 2002. Unreal Engine, ya kuundia gemu zenyewe, haina ada ya kuanzia tangu Machi 2015. Siku hizi Epic Games, kampuni inayoitengeneza, huchukua mgawo, kwa kawaida asilimia 5, gemu ikishaingiza zaidi ya dola milioni moja. Masomo ya kuzitumia yamejaa mtandaoni. Sasa chuo kinachomaliza mihula miwili kikimwonyesha mtu kitufe kipi kinafanya nini kinadai ada ya kitu gani?

Na vitufe vyenyewe havikai. Kwa miaka mingi mwanafunzi alifundishwa kupunguza pembetatu, vipande vidogo vinavyounda umbo la 3D: unachonga jiwe lenye mamilioni ya pembetatu, unalijenga upya likiwa jepesi, kisha unatengeneza matoleo mepesi zaidi ya kuonekana kwa mbali. Aprili 2022 ikatoka Unreal Engine 5 na mfumo wa Nanite, ambao kwa miamba, majengo na vitu vingine visivyojongea hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo wenyewe. Aliyeanza chuo 2020 somo lilimgeukia kabla hajahitimu. Lakini mifupa ya bega iko palepale, na mwanga wa jioni unaangukia ukuta vilevile. Shigeru Miyamoto, aliyebuni Mario, aliingia kampuni ya Nintendo 1977 akiwa amesomea usanifu wa bidhaa za viwandani. Fumito Ueda, aliyeongoza gemu ya Ico ya 2001, alitoka chuo cha sanaa cha Osaka, Japani. Fundisheni watu kuchora, programu watajisomea.

Mwalimu wa chuo

Mkuu, 1977 shahada hiyo haikuwepo, kwa hiyo kumtaja Miyamoto hakuthibitishi kwamba haina kazi. Chuo Kikuu cha Abertay kule Dundee, Uskoti, kilianzisha shahada ya teknolojia ya gemu 1997. Waliotangulia walitoka fani nyingine kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutokea.

Halafu sanaa ya gemu haiishii kwenye kuchora. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 16.7, na ndani ya muda huo kompyuta inashughulikia pia fizikia, sauti na mienendo ya maadui. Msanii anagawana muda huo na wenzake. Nimeona wachoraji hodari wanaleta mhusika ambaye nywele zake tu zinakwamisha eneo zima, na hawaelewi kwa nini waandishi wa programu wamenuna. Ni lazima ukae mwaka mzima na watu hao, mgombane, mpunguze, muanze tena. Video hazifundishi hilo.

Mifano ipo. Wanafunzi wa chuo cha DigiPen, Marekani, walitoa gemu yao Narbacular Drop mwaka 2005. Kampuni ya gemu ya Valve ikawaajiri, na 2007 wazo lao likatoka kama gemu ya Portal. Jenova Chen na Kellee Santiago walisoma pamoja USC, chuo kikuu cha Los Angeles, wakaanzisha kampuni ya gemu 2006. Gemu ya Journey ya 2012 ni ya kampuni hiyo. Watu hawa wangekutana wapi kila mmoja akiwa chumbani kwake?

Aliyejifundisha

Mwalimu, umetuletea waliong'aa. Waliohitimu nao darasa moja wako wapi? Na sisi tunaye wetu: Eric Barone alichora gemu ya Stardew Valley, akaandika programu yake na kutunga muziki wake peke yake, ikatoka 2016. Timu nazo zinapatikana bila ada. Global Game Jam, tukio la kutengeneza gemu kwa pamoja, inakutanisha watu tangu 2009, wikiendi moja, gemu moja.

Mwalimu wa chuo

Barone ana shahada ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo mfano wako nusu ni wangu. Na wikiendi inafundisha kuanza. Mwezi wa saba wa mradi, hamu imeisha na makosa bado yamejaa, ni somo jingine kabisa.

Mzazi

Nawasoma wote. Mimi swali langu ni la mkopo. Binti yangu anachora vizuri sana, anaitaka shahada hii, nami nasoma habari: Epic ilipunguza watu wapatao 830 Septemba 2023, Microsoft ikaondoa 1,900 upande wa gemu Januari 2024, Sony kama 900 mwezi uliofuata. Akihitimu atagombea nafasi ya mwanzo na mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi aliyepoteza kazi. Hao wanaosema "fuata ndoto" hawatakuwa wanalipa deni. Na akili bandia inayochora hamjaigusa kabisa, wakati Desemba 2022 wasanii wenyewe walijaza ArtStation, tovuti wanayoonyeshea kazi zao, mabango ya kuipinga.

Mshauri wa ajira za nje

Mama, niongeze jambo ambalo vijana husahau. Studio inaweza kuridhika na potifolio, lakini ofisi ya uhamiaji haiangalii modeli za 3D. Viza ya H-1B ya Marekani inadai kazi ya utaalamu, na mwombaji awe na shahada inayohusiana na kazi hiyo, au mafunzo na uzoefu unaokubalika kuwa sawa nayo. Kuthibitisha huo "usawa" bila cheti ni safari ndefu. Kijana hodari anaweza kupewa kazi na bado asiweze kwenda kuifanya.

Aliyejifundisha

Kwa hiyo tunalipia karatasi ya uwanja wa ndege. Angalau tuiite hivyo.

Mleta mada

Hoja ya viza ni nzito, naipokea, ingawa inathibitisha thamani ya cheti tu, si ya mafunzo. Shahada ya uchoraji, animesheni au usanifu inaweza kuzaa cheti chenye nguvu hiyohiyo, na soko la gemu likiyumba linakuachia milango ya filamu, matangazo na vitabu vya watoto. Mama, kwa binti yako mimi ningeanzia huko.

Akishikilia ya gemu, msiende kutembezwa kwenye maabara za kompyuta, zinapendeza kila mahali. Ombeni kuona kazi za wahitimu wote wa mwaka jana, si zile tano za bango. Ulizeni kama wanafunzi wa sanaa wanatengeneza gemu kamili pamoja na wa programu, na kwa muda gani. Chuo kinachowaweka majengo mawili tofauti mpaka mwaka wa mwisho kimeshawajibu. Na ulizeni walimu wenyewe mara ya mwisho walitoa gemu lini. Kuhusu akili bandia, mtu anayejua mkono umekosewa wapi bado anahitajika kuusahihisha, na hilo ni anatomia tena, elimu ya umbo la mwili.

Mwalimu wa chuo

Swali la kwanza na la pili nayaunga mkono, hata kama yatatuumiza wengi. La tatu hapana. Anayefundisha anatomia kwetu hajawahi kugusa gemu maishani mwake, na ndiye ambaye wanafunzi wanaogopa kukosa kipindi chake. Wewe uliyesema tufundishe kuchora, huyo utamweka wapi?