Safari ya tano ni ipi? AN, nimepewa siku 14

Kutoka: Mama Wawili
Jumanne 11 Februari 2025, saa 5:40 usiku

Salaam wanajamvi, poleni na baridi.

Nilipeleka AN, ile fomu ya kuomba uraia wa Uingereza, tarehe 6 Januari, alama za vidole nikatoa wiki iliyofuata, nikajua sasa kilichobaki ni kungoja tu. Jana imeingia baruapepe. Ofisi ya Mambo ya Ndani ya hapa inasema kwa mwaka uliopita nimeorodhesha safari nne za nje ya nchi, wao wanaziona tano, nieleze tofauti hiyo ndani ya siku 14. Ya tano ni ipi hawakusema. Tangu watoto walale nimekaa mezani na kalenda, na kila nikihesabu zinatoka nne. Nazimwaga hapa, huenda kuna jicho litakaloona nisichokiona.

Ya kwanza, Idd ndogo. Tulikwenda Tanga wote wanne, 2 Aprili hadi 14 Aprili. Mwanangu wa pili ndiyo mara yake ya kwanza kuingia bahari ya uvuguvugu, akatoka analia, anasema maji yameharibika.

Ya pili, baba. Alifariki siku ya pili ya Idd kubwa, nikaondoka kesho yake peke yangu, 19 Juni. Mazishi sikuyawahi. Mume wangu na watoto walinifuata shule zilipofungwa, wakawahi arobaini, tukabaki hadi 25 Agosti. Kabla ya kurudi tuliwapandisha watoto treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma, ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Marehemu aliwaahidi kwamba atawapandisha yeye.

Ya tatu, Paris, likizo ya Oktoba, tarehe 28 hadi 31. Ya nne, harusi ya mdogo wangu Mombasa, 20 Desemba hadi 1 Januari.

Siku za kuwa nje nilizopata ni 13, 68, 4 na 13. Jumla 98, na kikomo cha mwaka wa mwisho kabla ya kuomba ni 90! Nilipeleka fomu bila kujumlisha, Mungu anisamehe.

Naomba msaada wa mambo mawili. Mtu anaandikaje barua ya safari asiyoikumbuka? Nikisema sikumbuki si watasema nimeficha? Na hizo 98, ndiyo nimekwisha?

Kutoka: Kaka wa Reading
Jumatano 12 Februari, saa 1:15 asubuhi

Dada pole sana kwa mzee, Mungu amrehemu.

98 yako si 98. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi, wanahesabu siku nzima ulizokuwa nje. Kila safari toa mbili. Zako zinakuwa 11, 66, 2 na 11, jumla 90 kamili. Kikomo ni kutozidi 90, kwa hiyo umegusa ukuta lakini hujauvunja.

Mimi nilikuwa na 97 halisi, mwaka mama alipougua hadi kutuacha. Niliambatisha cheti cha kifo cha RITA na barua ya ukurasa mmoja, nikapita. Mpaka 100 kwa kawaida huwa hawamng'ang'anii mtu. Cheti cha mzee kiweke karibu hata kama hawajakiomba.

Kutoka: Nesi wa Usiku
Jumatano 12 Februari, saa 2:50 asubuhi

Ndiyo natoka zamu, nisameheni makosa ya vidole. Hivi kikomo si 270? Mimi nilipojaza ilikuwa 270 na nilibakiwa na siku nyingi tu. Dada usijiue kwa mawazo.

Kutoka: Kaka wa Reading
Jumatano 12 Februari, saa 3:05 asubuhi

270 ni ya aliyeoa au kuolewa na raia, na ni kwa miaka mitatu. Wengine ni 450 kwa miaka mitano. Na kote kuwili ile 90 ya mwaka wa mwisho ipo palepale. Tafadhali tusichanganye watu, haya mambo yanagharimu zaidi ya pauni 1,500 na ukikataliwa hazirudi.

Kutoka: Nesi wa Usiku
Jumatano 12 Februari, saa 3:07 asubuhi

Ungemuuliza kwanza mumewe ana pasi gani kabla ya kunifokea.

Kutoka: Mama Wawili
Jumatano 12 Februari, saa 6:30 mchana

Mume wangu ana ILR, kibali cha kuishi kisicho na kikomo, kama mimi. Watoto ndio raia: mkubwa kwa MN1, fomu ya kumsajili mtoto, mdogo alizaliwa tukiwa tayari na ILR. Kwenye foleni ya uwanja wa ndege wanatutazama wazazi wao kama wageni waliopotea njia.

Kaka, Mungu akuzidishie. Kwa hizo 90 nimepumua. Lakini ya tano bado siioni.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano 12 Februari, saa 10:20 jioni

Binti yangu, pole kwa kufiwa. Nimesoma maelezo yako kwa makini, nimeona kosa na pengine ndilo linalowasumbua. Umesema baba alifariki siku ya pili ya Idd ukaondoka kesho yake, tarehe 19. Idd el-Hajj ilikuwa Jumapili tarehe 16 Juni, siku ya pili ni 17, kesho yake ni 18. Barua yako na tiketi yako zisipolingana, umejifunga mwenyewe.

Kutoka: Mama Wawili
Jumatano 12 Februari, saa 10:45 jioni

Shikamoo mzee wangu. Nyumbani Idd iliswaliwa Jumatatu tarehe 17. Baba alifariki 18. Tiketi ni ya 19, ninayo hapa.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Jumatano 12 Februari, saa 11:30 jioni

Marahaba. Basi ni ule mwezi wa Tanzania. Sisi mtaani kwetu tulikuwa na Idd mbili, jirani anachinja leo, mimi kesho. Mke wangu alipika siku zote mbili ili tusigombane na mtu. Hata hivyo kwenye barua usiandike Idd, andika tarehe tupu.

Kutoka: Fundi wa Milton Keynes
Alhamisi 13 Februari, saa 7:10 mchana

Omba SAR, lile ombi la kupewa taarifa zako. Wanalazimika kukupa kila walichonacho juu yako, kuingia na kutoka. Safari ya tano utaikuta humo imelala.

Kutoka: Kaka wa Reading
Alhamisi 13 Februari, saa 7:22 mchana

SAR wana mwezi mmoja wa kujibu kisheria. Yeye ana siku 14, na tatu zimeshakwenda.

Kutoka: Fundi wa Milton Keynes
Alhamisi 13 Februari, saa 7:25 mchana

Nimesema aombe, sikusema aisubiri.

Kutoka: Nesi wa Usiku
Alhamisi 13 Februari, saa 9:00 alasiri

Dada, mimi pasi yangu ya zamani ilipotea na mihuri yote ya miaka mitatu. Niliokolewa na ratiba ya kazini. Nilimwomba bosi orodha ya likizo zangu zote, nikaja na taarifa za benki, kila mahali kadi ilipoguswa nje ya nchi nikapiga mstari. Halafu picha za kwenye simu, zina tarehe na mahali zilipopigwa. Kazi ya usiku mbili. Niligundua safari nzima ya Nairobi niliyokuwa nimeisahau, ya siku nne, kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Na mihuri ya Schengen, ya nchi za Ulaya kama Ufaransa, itazame vizuri. Hapa siku hizi mwenye ILR hagongewi muhuri anapoingia, lakini Wafaransa mwaka jana walikuwa wanagonga kuingia na kutoka. Muhuri una kialama pembeni: treni, ndege, meli au gari. Kama ulikwenda Paris mara moja, mihuri iwe miwili tu.

Kutoka: Mmombasa
Alhamisi 13 Februari, saa 2:15 usiku

Ndugu zangu nawaonea huruma. Sisi Wakenya tangu katiba ya 2010 mtu anaapa huku na pasi yake ya kwetu anabaki nayo. Nyinyi Watanzania mnahesabu siku kwa machozi ili mpate pasi moja na kuipoteza nyingine. Na mama harusi wa Mombasa hongera sana, mbona hamkutualika?

Kutoka: Mkaa Kimya
Alhamisi 13 Februari, saa 4:40 usiku

Miaka sita niko jamvini sijaandika, leo umenigusa. Tarehe 4 Julai mwaka jana nilipiga kura hapa Uingereza, na pasi yangu ya Tanzania, kwa kuwa mimi ni wa Jumuiya ya Madola. Hawakuniuliza nimekaa nje siku ngapi. Oktoba mwaka huu nchi niliyozaliwa inapiga kura na mimi nitaangalia kwenye simu.

Uraia pacha tumeuomba tangu nikiwa na nywele. Tunajibiwa hadhi maalumu, si uraia. Mtoto wangu ana pasi mbili mpaka atimize miaka 18, kisha sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamtaka achague moja. Kuchagua baba na mama ndiko huko.

Kutoka: Fundi wa Milton Keynes
Alhamisi 13 Februari, saa 4:52 usiku

Mimi nimeshaapa uraia wa huku, kwa hiyo nyumbani ni mgeni. Desemba nilikwenda na familia. Viza dola 50 kila kichwa, kisha tulipovuka kwenda Zanzibar kumsalimia bibi tukakuta ile bima iliyoanza Oktoba, dola 44 kwa mtu mzima. Nalipa bima nikamwone bibi yangu mzaa mama! Bibi alipoambiwa akauliza kama anaumwa yeye au naumwa mimi.

Kutoka: Kaka wa Reading
Ijumaa 14 Februari, saa 1:40 asubuhi

Bima ni kwa mgeni yeyote anayeingia Zanzibar, si wewe tu. Na ukilazwa unatibiwa. Tusilie kila kitu.

Kutoka: Fundi wa Milton Keynes
Ijumaa 14 Februari, saa 1:44 asubuhi

Wewe mara ya mwisho kwenda ni lini?

Kutoka: Mlezi wa Jamvi
Ijumaa 14 Februari, saa 2:00 asubuhi

Ndugu, siasa ina mada yake, ya uraia pacha iko wazi tangu mwaka juzi na ina ujumbe zaidi ya mia nne. Hapa tumsaidie dada. Na tusiulizane mambo ya lini mtu alikwenda nyumbani. Kuna wasioweza kwenda, na wako humu wanasoma.

Kutoka: Mkaa Kimya
Ijumaa 14 Februari, saa 3:15 asubuhi

Asante Mlezi. Mimi ni mmojawapo. Kibali changu kinasubiri, na mama alizikwa Machi. Nilihudhuria kwa simu, mpwa wangu ameishika juu ya vichwa vya watu, nikaona sana mbingu ya Korogwe na kaburi kidogo.

Kutoka: Nesi wa Usiku
Ijumaa 14 Februari, saa 3:20 asubuhi

Pole ndugu yangu. Pole sana.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Ijumaa 14 Februari, saa 8:05 mchana

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwanangu, uko mji gani? Jumapili tuna khitma nyumbani, tutamtaja mama yako pamoja na baba wa Mama Wawili. Mlezi atakupa namba yangu.

Kutoka: Mama Wawili
Alhamisi 20 Februari, saa 4:10 usiku

Nisameheni kunyamaza, mdogo alikuwa na homa.

Nimeipata. Nesi, Mungu akuweke, ni ile mihuri. Nilikuwa nikiiona siku zote nikidhani yote ni ya Paris. Leo nimeihesabu: ipo minne, imepandana kama sahani za shughuli. Miwili ina treni. Miwili mingine wino umekufa, nilisoma 29 nikajua ni 29 Oktoba. Ni 09, na mwezi ni 11.

Hata hapo sikukumbuka kitu. Nikamwonyesha binti yangu, ana miaka saba, akasema, "Mama, hiyo ni siku ya jino." Jumamosi ile madrasa ya watoto walikodi basi kwenda Calais, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na viza yangu ya Oktoba ilikuwa bado hai nikaenda kuwasaidia kuwahesabu watoto. Wafaransa waligonga hapohapo Dover kabla hatujapanda feri. Tulikula sandwichi kwenye upepo, tukarudi. Kichwani mwangu ile haikuwa safari, ilikuwa matembezi. Ila yeye ndipo lilipomtoka jino la kwanza, kwenye feri. Babu yake alimfundisha Agosti ile ya mwisho… hapana, Aprili, Agosti hakuwepo tena. Alimfundisha kwamba jino hutupwa juu ya paa. Kule paa halikuwepo, akalitupa baharini na kuliombea njiani. Picha ninayo, ameachama, tarehe iko juu yake.

Sasa barua ifike kabla ya Jumatatu. Je, niandike niliisahau? Au niseme nilidhani safari ya kutolala haihesabiwi? Na hiyo picha ya jino niiambatishe au nitaonekana nafanya mzaha?

Kutoka: Kaka wa Reading
Alhamisi 20 Februari, saa 4:31 usiku

Umekwenda na kurudi siku ileile, kwa hiyo ni siku sifuri. Unabaki na 90.

Kutoka: Mama Wawili
Alhamisi 20 Februari, saa 4:33 usiku

Nashukuru kaka. Nilikuwa nauliza maneno ya barua.

Kutoka: Fundi wa Milton Keynes
Alhamisi 20 Februari, saa 4:50 usiku

Ambatisha jino.

Kutoka: Mzee wa Leicester
Ijumaa 21 Februari, saa 12:30 asubuhi

Assalaam alaykum wote. Kuna anayekwenda Dar kabla ya Ramadhani? Nina kilo nane, ni vitabu vya wajukuu na dawa ya magoti ya shemeji yangu. Tende hazimo, naahidi.

Kutoka: Nesi wa Usiku
Ijumaa 21 Februari, saa 2:45 asubuhi

Shikamoo mzee. Naondoka 26. Nina nafasi ya kilo tano, punguza vitabu.