Taimshea ya Orlando kwa dola 20,000: kuna kuokoa kweli, au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mkazi_wa_Columbus · Jumatano, saa 1:40 jioni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua hizi taimshea, yaani kununua wiki yako ya likizo ya kila mwaka.

Jumamosi iliyopita mimi na mke wangu tulisaini mkataba Orlando, Florida. Tumepewa pointi za kutosha wiki moja kwa mwaka, nyumba ya vyumba viwili vya kulala na jiko. Bei dola 20,000. Tumetanguliza 2,000, na 18,000 ni mkopo wao wa miaka 10, riba asilimia 15. Ada ya matunzo dola 1,100 kwa mwaka.

Hoja ya muuzaji ni hii: familia ya watu watano hotelini ni dola 300 kwa usiku, mara 7 ni 2,100, na hoteli hupanda bei kila mwaka, wakati sisi "tumeshafunga bei". Tena wiki tunaweza kuibadilisha twende Mombasa au Zanzibar, na tukichoka tunauza. Hesabu hii inasimama? Nawasilisha.

Kalamu_na_Karatasi · Jumatano, saa 2:15 usiku

Mkuu, haisimami. Chukua kalamu.

Mkopo wa 18,000 kwa asilimia 15, miezi 120, ni kama dola 290 kwa mwezi. Mpaka umalize umelipa takriban 34,850. Ongeza kianzio cha 2,000, unapata 36,850. Hiyo ndiyo bei yenyewe uliyonunulia. Ile 20,000 ni bei ya anayelipa taslimu, na pale mezani mwenye taslimu huwa haonekani.

Sasa ada ya matunzo. Kilichofungwa ni bei ya kununua tu, ada haijafungwa. Ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, 1,100 ya leo inakuwa kama 1,700 mwaka wa 10 na kama 2,780 mwaka wa 20. Jumla ya ada za miaka 20 ni takriban 36,370. Jumlisha na 36,850: dola 73,220 kwa wiki 20. Yaani 3,660 kwa wiki, au 523 kwa usiku.

Tumpe muuzaji kila anachotaka. Hoteli yake ya 2,100 kwa wiki nayo ipande asilimia 5 ile ile kila mwaka. Kwa miaka 20 inafika 69,440. Bado hoteli ni rahisi, na hiyo ni kwa sharti kwamba hukosi hata mwaka mmoja. Mwaka mtoto akiumwa au likizo ya kazini ikigoma, hoteli hulipi kitu. Ada ya matunzo inakuja tu, uende usiende.

Ungelipa taslimu, ingekuwa kama 56,370, sawa na 403 kwa usiku. Afadhali, hapo unaishinda ile hoteli inayopanda bei, lakini ni kama tu hukosi mwaka, na dola 20,000 zako zinakuwa zimelala pale bila kuzaa.

Kuna na kitu ambacho hakimo kwenye ada: mchango wa dharura. Paa likiezuliwa na kimbunga na bima isitoshe, wenye wiki mnagawana gharama. Florida vimbunga si habari ya kusimuliwa.

Bi_Mkataba · Jumatano, saa 2:40 usiku

Ndugu, hesabu ya hapo juu ni sawa, lakini kwanza tazama kalenda. Umesaini Jumamosi. Sheria ya Florida inakupa siku 10 kufuta mkataba bila adhabu na bila kutoa sababu. Ni siku za kalenda, Jumapili imo. Zinahesabiwa tangu ulipotia saini au ulipopokea hati ya mwisho kati ya zile wanazotakiwa kukupa, ile tarehe iliyo ya baadaye. Usitegemee hiyo ya pili. Kwa saini ya Jumamosi, siku ya kumi ni Jumanne ijayo. Nenda posta kesho Alhamisi.

Kipengele chenyewe kipo kwa maandishi ya kuonekana karibu kabisa na mstari wa saini, na kinataja anwani ya kupeleka notisi. Tumia anwani HIYO. Usitumie ya ofisi ya mauzo wala ya hoteli mliyolala. Kama huoni mkataba, pekua ule mkoba mliopewa: hati za muhimu mara nyingi ziko kwenye mfuko wa ndani nyuma ya vipeperushi, au ndani ya kijiti cha kompyuta (USB) ambacho hakuna anayekifungua.

Barua iwe fupi, kwa Kiingereza: majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, jina la eneo la mapumziko, na sentensi moja kwamba mnafuta mkataba na mnataka fedha zote zirudishwe. Basi. Usieleze kwamba mmepiga hesabu mkaona ghali. Ukitoa sababu unawapa pa kuanzia kubishana. Msaini wote wawili, tarehe chini.

Piga nakala. Itume kwa barua iliyosajiliwa yenye risiti ya kupokelewa, na mwambie karani wa posta agonge muhuri wa tarehe kwa mkono kwenye risiti yako mbele yako. Florida notisi ya posta huhesabiwa kwa tarehe ya muhuri wa posta, hata kama wao wataipokea wiki inayofuata. Faksi au barua pepe ongeza kama mkataba unaziruhusu, ila posta ndiyo ushahidi.

Linaloharibu kwa wengi: wanapiga simu. Anayepokea simu anasema "nimekuelewa, acha nilishughulikie", kisha anakuja na ofa ya bei nusu, mnazungumza mpaka siku ya kumi na moja. Usipige simu. Na karatasi yoyote mliyosainishwa kwamba mmeacha haki ya kufuta, kisheria ni batili.

Wengine mnaosoma, msichukue siku 10 za Florida kama za kila mahali. Nevada, yaani Las Vegas, ni 5. California ni 7. Linaloangaliwa ni sheria inayotawala mkataba, si jimbo unaloishi.

Yakhe_wa_Leicester · Jumatano, saa 4:05 usiku

Kwa walio huku Ulaya: Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti ya kianzio. Akikuomba kadi siku ya kwanza, hapo pana kasoro tayari. Mwenzetu wa Columbus, Ohio, fanya alivyokwambia Bi Mkataba, bwana, usingoje Jumatatu.

Mkazi_wa_Columbus · Jumatano, saa 4:30 usiku

Ahsanteni sana. Mkoba nimeupekua, mkataba nimeuona, kipengele kipo kama alivyosema dada. Barua tunaandika usiku huu.

Lakini nielewesheni hili la kubadilisha. Mke wangu ndilo lililomvutia, kwenda pwani ya nyumbani kila baada ya miaka miwili. Lilikuwa uongo mtupu?

Msafiri_wa_Diani · Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Si uongo mtupu, ila limesemwa nusu. Kubadilishana kunapitia kampuni za kati, kubwa zikiwa RCI, iliyoanzishwa 1974, na Interval International ya 1976. Unaweka wiki yako kwao, wanakupa uwezo wa kuchagua wiki ya mwingine. Unalipa ada ya uanachama ya kila mwaka, kisha ada ya kila badilishano, ambayo kwa kawaida huzidi dola 200. Ada yako ya matunzo ya Orlando unaendelea kuilipa kama kawaida.

Pili, wiki hazilingani. Uzito wa wiki yako unategemea mahali, msimu, ukubwa wa nyumba, na umeiweka miezi mingapi kabla. Orlando ina taimshea nyingi mno. Wiki ya pale mwezi wa Septemba, shule zimefunguliwa na vimbunga viko msimuni, ni kama kupeleka maembe sokoni mwezi wa maembe. Wiki ya 52, ile ya mwaka mpya, hiyo ina nguvu. Kwa pointi zako utakuta pointi zinazotosha wiki moja Septemba hazitoshi hata siku nne za Krismasi. Kwenye mkataba tafuta jedwali la pointi kwa msimu, ndilo linalosema umenunua nini hasa.

Tatu, kwetu pwani hoteli zilizo kwenye mitandao hiyo ni chache, na Desemba ambayo kila mtu anaitaka ndiyo haipatikani. Baadhi ya hoteli za kubadilishana, popote duniani, hudai ulipie chakula cha lazima kwa kila kichwa, kwa hiyo "malazi bure" yanakuja na bili ya watu watano.

Tena pima gharama yenyewe iko wapi. Tiketi tano kutoka Columbus mpaka Mombasa ndizo zitakazowaumiza. Kitanda ni sehemu ndogo ya safari hiyo, na kwa kawaida mkishafika mashangazi hawakubali mlale hotelini.

Soko_la_Mkono_wa_Pili · Alhamisi, saa 2:20 asubuhi

Naomba nitofautiane kidogo na wakuu. Taimshea ina wanaofaidi nayo. Tatizo ni kuinunua kwa mjenzi, yaani kampuni yenyewe inayojenga na kuuza. Sehemu kubwa ya ile 20,000 ni gharama ya kukuuzia: kamisheni, zawadi, kifungua kinywa, tiketi za kuwaleta. Ukitoka mlangoni thamani hiyo imeshaliwa. Ingia eBay utaona wiki zinauzwa dola 1, na wengine wanakulipia hata gharama za kuhamisha hati, ili tu waachane na ada ya matunzo. Hilo ndilo jibu la "mkichoka mtauza". Na hati za mauzo za Florida zenyewe zinakuonya usinunue kama kitega uchumi wala kwa kutegemea kuuza. Muuzaji anasema vingine kwa mdomo, karatasi inasema yake.

Njia ya kwanza, na ndiyo ningekushauri: usinunue, kodi kwa mwenye wiki. Wenye wiki wasiosafiri wanataka kurudisha ada yao tu, na hutangaza kwenye mitandao kama RedWeek na TUG. Nyumba ile ile ya vyumba viwili ukiipata kwa 1,200 kwa wiki, ni 171 kwa usiku, jiko na mashine ya kufulia ndani. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye wiki hoteli ikutumie uthibitisho wenye jina lako kama mgeni, kisha uipigie hoteli mwenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe. Lipa kwa kadi. Anayetaka fedha za kutumwa moja kwa moja, mwache.

Njia ya pili ni kununua kwa mtu anayeuza wiki yake. Wiki ya dola 500, gharama za hati 500, ada zile zile: miaka 20 inakuja kama 37,370, yaani 267 kwa usiku. Hapo ndipo inaanza kushinda hoteli ya 300, kama unakwenda KILA mwaka, mahali pale pale, msimu wa bei kali. Omba taarifa ya maandishi kutoka kwa uongozi wa eneo kuonyesha ada zote zimelipwa, maana deni linaweza kukufuata na hati. Uliza pia mnunuzi wa mkono wa pili anakatwa haki zipi. Kwa taimshea za Disney, kwa mfano, aliyenunua kwa mtu tangu 19 Januari 2019 pointi za maeneo yao 14 ya mwanzo hawezi kuzitumia kwenye eneo lao la Riviera wala maeneo yaliyofuata. Hata hivyo za Disney ni miongoni mwa chache zinazoshika bei, ingawa nazo zina mwisho: kwenye maeneo yao ya BoardWalk na Beach Club mikataba inaisha Januari 2042.

Kalamu_na_Karatasi · Alhamisi, saa 3:00 asubuhi

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwenye kukodi. Kwenye kununua kwa mtu naweka alama ya kuuliza, kwa sababu ile 267 ni wastani. Mwaka wa 20 unalipa ada ya 2,780 kwa wiki moja, umri umekwenda, watoto wameshaondoka nyumbani, na mnunuzi hayupo.

Mkazi_wa_Columbus · Alhamisi, saa 7:35 mchana

Barua imeondoka. Muhuri umegongwa mbele yangu, risiti ninayo, namba ya kufuatilia ninayo. Kianzio cha 2,000 kilikwenda kwenye kadi mpya ya mkopo tuliyofunguliwa pale pale mezani. Hiyo inakuwaje? Na tiketi za bustani ya burudani tulizopewa tumeshazitumia.

Bi_Mkataba · Alhamisi, saa 8:10 mchana

Vizuri sana. Florida inawapa siku 20 tangu wapokee notisi kurudisha fedha, au siku 5 baada ya hundi yenu kukubaliwa na benki kama ndiyo ya baadaye. Risiti ikirudi na saini yao, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, hesabu 20.

Kadi ni mkataba mwingine na benki nyingine, haifutiki kwa barua hiyo. Subiri 2,000 zirudi kwenye kadi hiyo hiyo, hakikisha deni la kadi ni sifuri, ndipo uifunge. Bili ikifika kabla ya fedha kurudi, lipa kiwango cha chini ili jina lisichafuke. Siku 20 zikipita kimya, peleka pingamizi kwa benki ya kadi pamoja na nakala ya barua na risiti.

Tiketi zilikuwa malipo ya kusikiliza maonyesho yao, mlishasikiliza. Walichowapa kwa sababu ya kununua ndicho cha kuangalia: kama mkataba unataka mkoba na hati zirudi, zitume kwa kifurushi chenye namba, na upige picha kila ukurasa kwanza.

Jambo moja la mwisho. Namba yenu ya simu sasa iko kwenye orodha. Akipiga mtu akasema amepata mnunuzi wa wiki yenu, anataka tu "kodi ya serikali" itangulizwe, kata simu. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Puerto Vallarta, Meksiko, kwa utapeli wa namna hiyo, na nyuma yake lilikuwepo genge la dawa za kulevya.