Tupeane uzoefu: straika mliyemlilia, na jinsi timu ilivyocheza alipofika

Mwana Busia (mwenye uzi)

Wadau, habari zenu. Jumamosi tulikaa kwenye kibanda cha mpira hapa Busia mpaka mwenyewe akazima jenereta, na watu wakaendelea kubishana gizani. Upande mmoja ulishikilia kwamba timu haina namba tisa, yaani straika wa katikati, aletwe namba tisa, basi. Upande wa pili ukasema hata akiletwa, kocha hana mpango mwingine: mpinzani akirudi nyuma watu kumi, mpira unazungushwa tu mpaka filimbi ya mwisho.

Mimi ni mtu wa SC Villa. Baba alinilea kwa habari za straika Magid Musisi na ile Villa ya 1991 iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika, ikapigwa 6-2 na Club Africain kule Tunis, kisha sare ya 1-1 Kampala. Nimekua nikiamini kwamba straika ndiye timu. Sasa imani hiyo imeanza kuyumba, ndiyo maana nawaita. Leteni mliyoyaona kwa macho yenu: nani alisajiliwa mkashangilia, akachezeshwa vipi, ikawaje. Express, KCCA, Vipers, Arsenal, timu ya mtaa, zote ruksa.

Dereva wa Mutukula

Ndugu yangu, napeleka mizigo Dar miaka mingi, kwa hiyo Simba nimeiona kwa karibu kuliko timu nyingi za hapa nyumbani. Msimu wa 2017/18 Emmanuel Okwi wetu alifunga mabao 20 kwenye ligi ya Tanzania akawa mfungaji bora. Ukimtazama vizuri, Okwi hakuwa mtu wa kusimama katikati kungoja mpira. Alikuwa anatokea pembeni, John Bocco anawabeba mabeki wa kati, yeye anaingia kwenye nafasi iliyoachwa. Mwaka uliofuata wakamwongeza Meddie Kagere, naye akafunga 23. Nilijiuliza hawa watatu watakaaje uwanja mmoja. Walikaa.

Lakini sikilizeni sehemu inayoniuma mpaka leo. Hatua ya makundi ya ligi ya mabingwa mwaka huo, nyumbani Simba ilishinda mechi zote tatu, mojawapo ile ya Februari 2019 Kagere alipoifunga Al Ahly 1-0. Siku hiyo nilikuwa Dar, lori nimeliacha yadi, sauti ilinikauka. Ugenini wakafungwa 5-0 na AS Vita, 5-0 na Al Ahly, 2-0 na JS Saoura. Mabao 12, wao hawakupata hata moja. Washambuliaji ni wale wale! Walivuka hadi robo fainali kwa nguvu ya nyumbani. Mimi tangu siku hizo swali langu si nani anafunga, ni timu inafanya nini ikiwa haina mpira.

Dada wa Lugogo

Nakubaliana na dereva, ila msimdharau mfungaji. KCCA ya 2016/17 chini ya kocha Mike Mutebi ilibeba ligi na Kombe la Uganda, na Geoffrey Sserunkuma alifunga mabao 21 kwenye ligi. Nilikuwa naenda Lugogo karibu kila mechi ya nyumbani. Timu ilikuwa inaanza mpira kwa kipa, beki anapanda, kiungo anashuka, watu wanabadilishana nafasi mpaka unasahau nani namba ngapi. Lakini mwisho wa pasi zote hizo palikuwa na mtu mmoja asiyetetemeka mbele ya goli. Bila yeye tungekuwa tunasifiwa kwa kucheza vizuri na kurudi nyumbani na sare.

Kitende Damu

Mimi wa Vipers, nitakuwa mfupi kwa sababu kidonda bado kibichi. 2022 straika wetu Cesar Manzoki aliondoka kwenda China. Tulimlilia, kisha tukaitoa TP Mazembe kwa penalti na kuingia makundi ya ligi ya mabingwa, tukajiambia pengo halipo. Lilikuwepo. Penalti zilikuwa zimelifunika tu. Kocha Robertinho naye akahamia Simba Januari 2023, na Simba hao hao wakatufunga 1-0 kwetu Kitende na 1-0 Dar. Mechi mbili, hatukuona nyavu. Sikumbuki tukibadilisha chochote cha maana zaidi ya kumtoa mshambuliaji mmoja na kumwingiza mwingine wa aina ile ile.

Boda wa Ntinda

Sisi wa Arsenal tuko wengi hapa Kampala na nyote mnajua tulivyolia Januari na Februari 2025. Mshambuliaji wetu Gabriel Jesus aliumia goti, halafu Havertz naye akaumia msuli, dirisha la usajili limefungwa, hakuna straika hata mmoja. Mechi ya Leicester niliitazama na abiria wangu, tumeegesha pikipiki nje ya duka. Mikel Merino, kiungo kabisa, aliingia kipindi cha pili akapelekwa mbele, akafunga yote mawili, 2-0. Nilimkumbatia yule mzee nisiyemjua jina.

Ndipo nilipoona kwamba kocha anayeweza kumtoa kiungo akamfanya namba tisa ana thamani yake. Lakini dawa ya siku moja haikufikishi mwisho wa msimu, na hatukuchukua ligi. Alipokuja straika Gyökeres kutoka Sporting ya Ureno mwaka huo huo nilifurahi, na hapo hapo nikaingiwa na wasiwasi: huyu anapenda kukimbilia nafasi nyuma ya mabeki, na timu zikija kwetu haziachi nafasi hiyo. Wenzangu wa steji walinikasirikia kwa kusema hivyo. Bado nasema.

Afande Mstaafu, Arua

Wanangu, nimesoma yote. Yangu ni ya timu ndogo, lakini niliishika kwa mikono yangu.

Nilipostaafu jeshi nikarudi nyumbani, vijana wa senta yetu wakanikabidhi timu. Tulikuwa tunacheza vizuri, mabao hakuna. Wafanyabiashara wakachanga. Tukampata kijana mmoja kutoka upande wa Koboko, mrefu, kichwa chake kama nyundo. Tulimpa viatu, nauli, na baiskeli iliyotumika. Siku ya kwanza watu walikuja na ngoma.

Mechi tano, bao moja, tena la penalti. Watu wakaanza kudai baiskeli irudi. Kijana akawa haongei. Mimi mwenyewe nilikaribia kumrudisha, na hilo najilaumu mpaka leo, maana nilikuwa nimemtazama yeye peke yake.

Mechi ya sita nikachukua daftari la mjukuu, nikaketi pembeni nikahesabu krosi, ile mipira inayorushwa kutoka pembeni kuja mbele ya goli. Dakika tisini, krosi nne. Mbili zilipita juu ya uwanja mzima. Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: winga wa kulia anatumia mguu wa kushoto, wa kushoto anatumia wa kulia. Kila mmoja akifika karibu na boksi anaingia ndani apige mwenyewe. Kabla hajaja kijana huyo mtindo huo ulitufaa, kwa sababu mbele tulikuwa na mtu mdogo wa kupokezana naye pasi. Tumeleta mtu wa mipira ya juu na hakuna wa kumrushia.

Nikawabadilisha pande. Wakanuna, wakasema nimewanyima mabao. Nikaketi nao chini ya mwembe, tukakubaliana: dakika ishirini za kwanza kila mtu upande wa mguu wake, apige krosi, baadaye wanarudi kwenye upande wanaoupenda, lakini beki wa pembeni apande nje yao. Mechi iliyofuata kijana alifunga mawili ya kichwa. Tulimbeba mpaka sokoni.

Timu nyingine zikamjua, zikamwekea watu wawili. Hapo nikamwambia ashuke, apokee mpira akiwapa mgongo mabeki, na hao mawinga wawili wapite nyuma yao. Alifunga machache zaidi kipindi hicho, ila timu ilifunga zaidi. Mvua zikianza, uwanja wetu unakuwa tope na pasi ya chini haifiki, tunarudi kwenye mipira ya juu. Kijana ni yule yule, kazi tatu tofauti.

Boda wa Ntinda

Afande, hilo la krosi nne limenigusa sana. Sisi tunahesabu mabao ya straika tu, hatuhesabu anacholetewa.

Dada wa Lugogo

Hata timu yetu ya taifa, Cranes. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2017 tulirudi baada ya miaka 39, mechi tatu, bao moja tu, la Farouk Miya dhidi ya Mali. Tulimlaumu straika Geoffrey Massa peke yake kule mbele, na timu yote ilikuwa imekaa nyuma kulinda. Halafu CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za nyumbani, iliyochezwa 2025, pale uwanja wa Namboole, sare ya 3-3 na Afrika Kusini, tulipata penalti mbili mwishoni kwa sababu watu walijaa ndani ya boksi lao. Nilikuwepo. Hakuna aliyekaa kwenye kiti.

Mwana Busia (mwenye uzi)

Asanteni sana. Afande, yule kijana wa Koboko yuko wapi siku hizi?

Afande Mstaafu, Arua

Yupo. Goti lilimsumbua, sasa ni beki wa kati na ndiye nahodha. Baiskeli bado anayo. Msimu ujao tunahitaji namba tisa mwingine, wafanyabiashara wameshaanza kuchanga. Nimewaomba wasubiri kidogo. Wiki hii naenda Maracha kumtazama winga wa kulia anayetumia mguu wa kulia.