Wapangaji tupeane uzoefu: kodi ikipandishwa ghafla au nyumba ikiwa mbovu, nani alikusaidia?

Habari zenu wadau. Naomba uzi huu tuweke yale yaliyotukuta wenyewe na mwenye nyumba na nani alitusaidia, maana wapangaji wengi tunaishia kulalamika kwa dalali halafu tunahama kimyakimya. Hapa Tanzania ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo kwenye nyumba za watu binafsi serikali haipangi bei, mnakubaliana wenyewe. Lakini mkishakubaliana mkubaliane kweli, sio umelipia miezi sita halafu mwezi wa tatu unaambiwa bei imebadilika.

Mimi niko Tabata, chumba na sebule. Mama mwenye nyumba alikuja kunambia kuanzia mwezi unaofuata niongeze elfu hamsini, nisipotaka kuna watu wanakisubiri chumba. Sikubishana nae, nikachukua mkataba na meseji za muamala nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akamwita, tukakaa kwenye benchi pale ofisini, akausoma mkataba kwa sauti mpaka chini penye muhuri wa mtaa, akamuuliza, mama hii sahihi ni yako? Akasema ni yangu. Basi ikaandikwa kwamba bei ni ileile mpaka mkataba uishe, na ya mkataba mpya tutakaa kuongea. Tulipoongea tukakutana katikati. Sikulipia kitu chochote zaidi ya nauli yangu.

Mdau, Mbagala
Kwetu tatizo lilikuwa choo. Kimejaa mpaka maji machafu yanatokea uani karibu na bomba tunapochota, wapangaji vyumba vyote tunaomba gari la majitaka, baba mwenye nyumba anatuambia tuvumilie mvua zinakuja. Waliokaa uswahilini wanajua maana yake, anasubiri mvua kubwa atapishe choo, yaani akifungulie uchafu uende na maji mtaroni. Na watoto wanacheza kwenye huo mtaro jamani! Tukaenda kwa afisa afya wa kata, tukaenda wengi sio mtu mmoja, maana mmoja anafukuzwa. Alikuja kuangalia mwenyewe, akamwachia notisi ya maandishi yenye siku za kurekebisha, na gari lilikuja kabla hazijaisha. Ila niseme ukweli, mkataba wangu ulipoisha hakuniongezea. Sijutii.

Pole na hongera mdau. Niongezee hapo kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kuishi binadamu na aendelee kuitunza ifae muda wote uliomo ndani, hata kama mkataba wenu haujaandika. Kwa hiyo bati linalovuja sio fadhila unaomba.

Mdau, Mwanza
Mimi alinifungia kufuli juu ya kufuli langu, vitu vyangu vyote ndani hadi dawa za mtoto, kisa nimekataa bei mpya. Mtaa ulishindwa maana mwenye nyumba alikuwa haitiki hata akiitwa. Nikaenda baraza la kata. Wadau mjue tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, ila usilidharau sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka kwanza lione mmeshindwa kusuluhishwa kule kata, au siku 30 zimepita bila suluhu. Msaidizi wa kisheria ndio alinielekeza yote haya, anafanya bure, na maelezo alinisaidia kuandika yeye. Aliposikia tunaelekea wilayani kufuli likatolewa.

Mdau, Nairobi
Sisi huku tuko na tribunali, yaani baraza la kuamua kesi, ya kodi za nyumba, na sheria inasema kumsumbua mpangaji ndio ahame ama alipe zaidi ni kosa. Shida ni hiyo sheria inashika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hapa mjini wengi tumepita hapo kitambo sana, kwa hivyo unabaki kuongea na chifu ama kwenda korti. Hicho kiwango kingefaa kuwa kimeinuliwa kitambo. Mimi nilisaidiwa na chifu wa eneo, alimwambia mwenye ploti arudishe maji kwanza ndio tuongee mambo ya kodi, na yakarudi jioni hiyo.

Mdau, Birmingham
Huku Uingereza ukungu mweusi ulipanda ukuta mzima nyuma ya kabati la nguo, nguo za watoto zinanuka, ajenti ananambia nifungue madirisha, mwezi wa kwanza huo baridi kali! Nikaandikia kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, na picha zenye tarehe, wakatuma mkaguzi, akapima unyevu ukutani na kumwandikia mwenye nyumba afanye matengenezo. Na ukipandishiwa kodi unaweza kuipeleka tribunali kabla ya tarehe ya kuanza kulipa. Kwa sheria mpya iliyopita Oktoba 2025, kwa England kuanzia Mei 2026 ni mara moja tu kwa mwaka kwa notisi ya miezi miwili, na tribunali haiwezi kukupangia zaidi ya alichotaka mwenye nyumba.

Mdau, Kinondoni
Samahani naingiza swali la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme tangu 2021 ni ya mwenye nyumba, sasa nyie mnairudishaje?

Mimi meseji za LUKU zinazoonyesha makato nazitunza zote, siku ya kulipia mkataba mpya tunajumlisha pamoja na mama mwenye nyumba tunatoa kwenye kodi ya chumba. Mwambie mapema kabla hujampa hela, ukishalipa yote ni ngumu kurudishiwa. Wa Dodoma bado sijawaona humu na huko kodi zimepanda kweli tangu serikali ihamie, tuambieni mitaa yenu inawasaidiaje.