Python: bash ndani ya teminali bandia, kitanzi kinaganda na kisha OSError 5

mpya_kodi:
Wakuu, naomba msaada. Natumia Python 3.11 kwenye Debian 12. Programu inatakiwa iwashe bash, iipe amri moja baada ya nyingine na kuonyesha matokeo papo hapo. Kwa `subprocess` na PIPE matokeo ya baadhi ya programu hayatoki mpaka zimalize kazi, na ssh haipokei nywila ninayoiandikia. Nikahamia teminali bandia (pty), yaani teminali iliyoundwa na programu:

```
m, s = pty.openpty()
p = subprocess.Popen(['bash'], stdin=s, stdout=s, stderr=s,
                     start_new_session=True)
while True:
    data = os.read(m, 1024)
    if not data:
        break
    sys.stdout.write(data.decode())
```

Sasa bash inalalamika "no job control in this shell". Nikituma `exit`, kitanzi kinaganda. Nikifunga `s` kwenye programu yangu, kinakatika kwa `OSError: [Errno 5]`. Kila amri ninayotuma inarudi ilivyo ikiwa na `\r`, na mara mojamoja inatokea `UnicodeDecodeError`. Nakosea wapi?

mkwaju:
Mkuu, mengi ya hayo yana mzizi mmoja: unaichukulia teminali bandia kama bomba. Kwenye bomba baiti zinapita kama zilivyoingia. Teminali bandia ina ncha mbili (`m` ya programu yako na `s` ya bash), na katikati kerneli, yaani kiini cha mfumo, imekaa inahariri: inarudisha mwangwi wa unachoandika, inageuza `\n` ya programu kuwa `\r\n`, inakusanya herufi mpaka mstari ukamilike, na ikiona baiti `\x03` inapeleka ishara ya SIGINT badala ya herufi.

Matokeo kuchelewa kwenye PIPE: maktaba ya C huangalia kama stdout ni teminali. Ikiwa ni teminali humwaga bafa (hifadhi ya muda ya matokeo) kila mwisho wa mstari. Ikiwa ni bomba husubiri bafa ijae, na kwenye Linux hapo ni baiti 4096. Programu yenye maneno machache basi hunyamaza hadi inapokufa. ssh nayo haiangalii stdin kabisa ikitaka nywila, inafungua `/dev/tty`, yaani teminali inayotawala kikao chake.

Hapo ndipo "no job control" inapotokea. `start_new_session=True` inaita setsid tu. Mchakato unakuwa na kikao kipya, lakini kikao hicho hakina teminali inayokitawala, kwa hiyo `/dev/tty` haifunguki. Inakosekana hatua moja ndani ya mtoto (mchakato wa bash uliowashwa na programu yako, ambayo ndiyo mzazi): `fcntl.ioctl(0, termios.TIOCSCTTY, 0)`. Kuanzia Python 3.11 ipo `os.login_tty(s)` inayofanya setsid, TIOCSCTTY na kuelekeza 0, 1 na 2 kwa mpigo. Bila hiyo hata Ctrl-C haitafanya kazi.

Kitanzi kuganda: umebaki na `s` wazi upande wa mzazi. Maadamu kuna mtu yeyote anayeishikilia ncha ile, kerneli haiwezi kusema kazi imekwisha. Ifunge mara tu baada ya Popen. Baada ya hapo Errno 5, yaani EIO, si kosa. Ndiyo namna ya Linux ya kukuambia upande wa pili umefungwa. macOS hukupa baiti tupu mahali hapohapo. Kamata zote mbili:

```
try:
    data = os.read(m, 4096)
except OSError as e:
    if e.errno != errno.EIO:
        raise
    data = b''
```

Na `UnicodeDecodeError` ni kwa sababu os.read inaweza kukata herufi ya UTF-8 katikati. Tumia `codecs.getincrementaldecoder('utf-8')()`, kinatunza mabaki ya baiti mpaka nyingine zifike.

fundi_bafa:
Mkwaju kaeleza vizuri, ila kwa kazi ya kweli usijenge haya kwa mkono. Maktaba ya Python iitwayo pexpect (chini yake ipo ptyprocess) imeshayafanya. Kuendesha sheli, si ile ya kujazia mafuta:

```
mazingira = dict(os.environ, PS1='TAYARI> ', TERM='dumb',
                 PAGER='cat', SYSTEMD_PAGER='cat', GIT_PAGER='cat')
sh = pexpect.spawn('/bin/bash',
        ['--norc', '--noprofile', '--noediting'],
        env=mazingira, encoding='utf-8', echo=False,
        dimensions=(40, 200), timeout=60)
sh.expect_exact('TAYARI> ')
sh.sendline('rsync -a /data/ /chelezo/; echo "HALI=$?"')
sh.expect(r'HALI=(\d+)\r\n', timeout=600)
hali = int(sh.match.group(1))
sh.expect_exact('TAYARI> ')
```

PAGER (programu za kuonyesha matokeo ukurasa kwa ukurasa) usiziache. git na systemctl zikiona teminali zinafungua less, na less inasubiri mtu abonyeze q. Wewe utadhani amri imekwama.

Usitafute `$` wala `#` kama dalili kwamba bash iko tayari. Alama hizo zinajaa kwenye matokeo ya kawaida. Weka PS1 yako, yaani alama ambayo bash huionyesha ikisubiri amri. Ukiiweka kwenye mashine ya mbali ambako mwangwi haujazimwa, andika `PS1='TAY''ARI> '`. Mwangwi utarudi na zile alama za kunukuu katikati, hivyo ruwaza yako itanasa alama halisi na si amri uliyotuma. Pia kwenye pexpect `$` ya ruwaza haimaanishi mwisho wa mstari, weka `\r\n`. Na `.+?` ikiwa mwishoni mwa ruwaza itanasa herufi moja tu.

Kitu kingine kinachowasumbua wengi: pexpect.spawn haipitii sheli. `spawn('ls | wc -l')` itaipa ls hoja tatu za ajabu. Ukihitaji `|` au `*`, ita `/bin/bash` na `['-c', '...']`.

mpya_kodi:
Asante sana wakuu, imekubali. Ila nikiondoa `--noediting` na kutumia TERM ya xterm naona `[?2004h` kabla ya kila alama ya PS1. Nikiirudisha, faili ninalolituma kama mstari mmoja mrefu wa base64 linafika limekatwa. Nifanyeje?

mkwaju:
Hizo ni pande mbili za jambo moja. `[?2004h` inatoka kwa readline, maktaba ambayo bash huitumia kuhariri mstari, inayoiarifu teminali iweke alama kwenye maandishi yaliyobandikwa. Tangu bash 5.1 inawashwa bila kuombwa. Izime kwa `bind 'set enable-bracketed-paste off'`.

Ukiitoa readline kwa `--noediting`, anayekusanya mistari ni kerneli, na yeye hapokei zaidi ya herufi 4095 kwa mstari kwenye Linux. Zinazozidi anazitupa kimyakimya, huoni kosa lolote. Hilo linakupata hata readline ikiwepo, ukituma kwa `cat > faili`, maana wakati huo anayesoma ni cat. Kata base64 katika mistari ya herufi 76 na kuifungua upande wa pili kwa `base64 -d`, haijali mistari mipya. Bora zaidi tumia scp. Teminali si njia ya kusafirishia mafaili.

Ctrl-D nayo ina hila yake: `\x04` inamaliza ingizo ikitumwa mwanzoni mwa mstari tu. Katikati ya mstari inasukuma kilichopo kwa msomaji, basi.

nyuzi_saba:
Anayejenga hiki kitu kwa ukurasa wa wavuti (kwa maktaba za JavaScript node-pty na xterm.js) aangalie mpangilio wa ukubwa. node-pty ni `resize(cols, rows)`, pexpect ni `setwinsize(rows, cols)`. Ukivigeuza, vim na top zinachora ovyo. Windows pexpect.spawn haipo, node-pty inapita ConPTY, teminali bandia ya Windows, iliyokuja na Windows 10 toleo 1809.

Pia soma matokeo muda wote hata kama huyahitaji. Usiposoma, bafa ya kerneli inajaa na mtoto anasimama kwenye write. Na funga kila ncha ukimaliza: linganisha `/proc/sys/kernel/pty/nr` na `/proc/sys/kernel/pty/max`, ambayo kwa kawaida ni 4096. nr ikipanda kila siku, kuna mahali hufungi. Ukifunga ncha kuu (`m`) watoto wanapata SIGHUP, ishara kwamba teminali imefungwa, ila waliowashwa kwa nohup watabaki.

kisiki:
Mimi nina pingamizi dogo. Teminali bandia inachanganya stdout na stderr kuwa kitu kimoja, na huwezi kuvitenganisha tena. Kama shida yako ilikuwa kuchelewa kwa matokeo tu, `stdbuf -oL amri` juu ya bomba inatosha, mradi programu inatumia stdio ya C na haikuunganishwa kwa njia tuli. Kwa Python ni `python3 -u`. Na kwa ssh weka ufunguo pamoja na `-o BatchMode=yes`, ili ishindwe mara moja badala ya kukuuliza nywila. Ukiyafanya hayo, huenda hiyo pexpect ukaihitaji kwa amri moja au mbili tu.